Namna ya kupima machapisho na nukuu za mtafiti wa jenetiki ya saratani

Mjumbe wa kamati ya kupandisha vyeo, mwanafunzi anayetafuta msimamizi wa shahada ya uzamivu, mkutubi aliyeombwa taarifa na mkuu wa idara: wengi wao hufungua ukurasa wa mtafiti kwenye Google Scholar, huona namba tatu pembeni, wakazinakili. Kazi ya dakika mbili. Shida ni kwamba nukuu (pale makala moja inapotajwa kwenye orodha ya marejeo ya makala nyingine) huhesabiwa kwa makala, si kwa mtu. Makala ya jenetiki ya saratani inaweza kuwa na waandishi saba au mia saba, na kila mmoja huandikiwa nukuu zote, hawagawani. Hatua zilizo hapa chini ni za kuzirudisha namba hizo kwa mtu: alifanya nini, nani aliitumia kazi yake, na kwa lipi.

Mfano tutakaorudi kwake mara kwa mara ni Mary-Claire King wa Marekani, ambaye mwaka 1990 yeye na wenzake walionyesha kwamba kwenye kromosomu ya 17 kuna jeni inayorithisha saratani ya matiti, ile iliyokuja kuitwa BRCA1. Rekodi yake inafaa kufundishia kwa sababu ina karibu kila mtego.

Kwa mtafiti mwenye makala 60 hivi, tenga nusu siku. Mwenye 300 anataka siku mbili, na ukiona umemaliza kabla ya chakula cha mchana ujue kuna kitu umekiruka.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yeye

Omba kwanza namba yake ya ORCID, namba ya kudumu inayomtambulisha mtafiti mmoja. Ina tarakimu 16 katika mafungu manne, na ya mwisho yaweza kuwa herufi X. Ukiwa nayo, ingia PubMed (kanzidata ya bure ya makala za tiba na baiolojia) uiandike ikifuatiwa na [auid], utapata makala zilizofungwa na namba hiyo. Lakini usiishie hapo. ORCID ilianza 2012, kwa hiyo kazi za zamani mara nyingi hazimo, na mwenye akaunti ndiye anayeijaza. Wapo maprofesa wenye makala 200 ambao ORCID zao zina sita.

Baada ya hapo tafuta kwa jina. Ukiandika King MC[au] utaletewa akina King MC wote, wakiwemo wa fani nyingine kabisa. Wengi hapo hukimbilia kuongeza jina la chuo: King MC[au] AND Washington[ad]. Hapa kuna mitego miwili. Kwanza, King alikuwa Berkeley kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle mwaka 1995, kwa hiyo umeikosa makala yenyewe ya 1990. Pili, PubMed kuanzia 1988 hadi 2013 iliweka anwani ya mwandishi wa kwanza peke yake. Za waandishi wote zilianza kuingizwa 2014. Mtu aliyekuwa mwandishi wa katikati au wa mwisho kwenye kazi za kushirikiana na chuo kingine hataonekana kwa anwani yake hata kidogo. Tumia anwani kuthibitisha, usiitumie kuchuja.

Kuchuja kwa neno "saratani" nako hukata nyama pamoja na mfupa. King ana kazi za uziwi wa kurithi na za skizofrenia, na makala yake ya 1975 akiwa na Allan Wilson, inayolinganisha binadamu na sokwe, ni miongoni mwa zinazotajwa sana katika jenetiki nzima. Hiyo ni kazi yake halali, ila si ya saratani. Ibakize kwenye orodha, iwekee alama, kisha uamue baadaye kama swali ulilopewa linaihusu.

Majina ya kwetu yana balaa lake. Ng'ang'a huweza kuingizwa kama Ng'ang'a, Nganga au Ng ang a, na kistari cha juu kilichonyooka si sawa na kilichopinda mbele ya mashine. Mtanzania mwenye majina matatu, jarida moja hulichukua la babu kuwa la ukoo, jingine la baba, la tatu huyaunga mawili kwa kistari. Mwanamke akibadili jina baada ya kuolewa, nusu ya kazi zake hubaki kwa jina la kwao. Andika namna zote kwenye karatasi kabla ya kutafuta, kisha zitafute moja moja.

Scopus, kanzidata ya kulipia ya makala na nukuu, humpa kila mwandishi namba yake yenyewe, na mara nyingi mtu mmoja hugawanywa kuwa wawili au watatu. Fungua majina yote yanayofanana kabla ya kuamini idadi. Google Scholar hufanya kosa la upande wa pili: mwenye ukurasa akiiruhusu iongeze makala yenyewe, huingiza za watu wengine. Njia ya haraka ya kulibaini ni kupanga orodha kwa mwaka na kutazama za zamani kabisa. Ukikuta makala iliyotoka mwenye ukurasa akiwa darasa la tatu, umeshapata jibu.

Hatua ya 2: Tengeneza jedwali

Kila makala mstari mmoja. Safu zinazotosha: namba ya PubMed, DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni), mwaka, jarida, idadi ya waandishi, nafasi yake kati yao, aina ya makala, jeni au ugonjwa, nukuu, tarehe uliyozihesabu. Kama chapisho la awali kwenye bioRxiv (tovuti ya makala ambazo bado hazijahakikiwa) lilikuja kutoka jaridani, hiyo ni makala moja, si mbili. Google Scholar huweza kuzitenganisha.

Zifanye safu zote kuwa za maandishi kabla hujabandika chochote. Excel ikiachiwa hugeuza kurasa "3-12" kuwa tarehe, na jeni kama SEPT2 na MARCH1 nazo huzigeuza tarehe. Kosa hilo lilienea kwenye majedwali ya jenetiki kiasi kwamba kamati ya kimataifa ya majina ya jeni ilikuja kuzibadilisha. Sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1. Kwa sababu hiyohiyo ya kubadilika majina, ukitafuta kazi za zamani tumia na jina la zamani: MLL siku hizi ni KMT2A, HER2 ni ERBB2.

Kwa makala za zamani kumbuka pia kwamba hifadhi ya MEDLINE, inayoilisha PubMed, iliweka majina 10 tu ya mwanzo kati ya 1984 na 1995, kisha 25 hadi 1999, na kuanzia 2000 majina yote. Baadhi ya majina yalikuja kuongezwa baadaye, si yote. Makala ya 1994 iliyotangaza kwamba BRCA1 imepatikana ilikuwa na waandishi zaidi ya 40. Mtafiti akisema alikuwemo kwenye kazi ya miaka hiyo na PubMed haimwonyeshi, fungua ukurasa wa kwanza wa makala yenyewe kabla ya kumwita mwongo.

Hatua ya 3: Tazama amesimama wapi kwenye foleni

Katika fani hii wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi ya maabara au ya uchambuzi na kuandika. Wa mwisho ndiye mwenye maabara, mwenye fedha na mwenye swali. Walio katikati walichangia sampuli, familia za wagonjwa, takwimu, au ushauri. Makala ya 1990 ina majina saba: Hall yuko mwanzo, King mwishoni. Wote saba wana nukuu zilezile, lakini anayesoma foleni hiyo anaelewa maabara ilikuwa ya nani.

Kwenye jedwali tumia herufi nne: K kwa wa kwanza, M kwa wa mwisho, C kwa wa kati, J kwa jumuiya. Hiyo J ndiyo inayoharibu hesabu za watu wengi. Jenetiki ya saratani hufanywa siku hizi na jumuiya kubwa za watafiti, kwa kuwa kupata jeni zenye athari ndogo kunahitaji sampuli za makumi ya maelfu ya watu. Mradi wa jenomu nzima za saratani uliotoka kwenye jarida la *Nature* Februari 2020 ulichambua jenomu 2,658 za aina 38 za uvimbe, na ulikuwa na wanasayansi zaidi ya 1,300. Mtu aliyepeleka sampuli 40 na aliyebuni uchambuzi wote hupata hesabu sawa. Wakati mwingine jina halimo kabisa kwenye foleni ya waandishi. Limewekwa kwenye orodha ya washiriki, ambayo PubMed huitafuta kwa alama ya [ir].

Si kwamba kazi ya jumuiya haina thamani. Daktari wa Moshi au Eldoret aliyekusanya damu za wagonjwa kwa miaka mitano amefanya jambo ambalo hakuna kompyuta ya Boston ingeweza. Ila litaje kwa jina lake: "alikusanya sampuli". Majarida mengi sasa huchapisha maelezo ya nani alifanya nini kwa kufuata orodha ya majukumu 14. Yako mwishoni mwa makala, juu kidogo ya marejeo. Ni aya fupi, na watu hawaisomi. Isome.

Angalia pia nyota au alama ya msalaba kwenye majina. Waandishi wawili wa kwanza wanaweza kuwa wamechangia sawa, na hilo PubMed huenda isilionyeshe.

Hatua ya 4: Tenga mapitio na kazi asilia

Makala za mapitio hunukuliwa kuliko za ugunduzi kwa sababu ya uvivu wetu sote: ni rahisi kutaja muhtasari mmoja kuliko makala kumi na tano. Mapitio ya Hanahan na Weinberg kwenye jarida la *Cell*, ya mwaka 2000 na ya 2011, yako kati ya maandishi yanayotajwa kuliko yote katika saratani, na hakuna jaribio jipya la maabara ndani yake. Yana mchango mkubwa, lakini wa aina nyingine. Vivyo hivyo programu za kuchambua mfuatano wa DNA: kila anayeitumia huitaja. Jumla za makundi haya ziandikwe kando.

Hatua ya 5: Piga hesabu, kutoka chanzo kimoja

Chagua kanzidata moja ushikamane nayo. Google Scholar huhesabu hata tasnifu, ripoti na vitabu, kwa hiyo namba zake kwa kawaida huwa juu. Scopus na Web of Science huchagua majarida, na mengi ya Afrika yamo kwa uchache. Kwa mtafiti aliyechapisha nyumbani, pitia pia African Journals Online. OpenAlex ni ya bure na inakuruhusu kupakua data yote. Kuchukua h (kipimo kimoja cha nukuu, kinaelezwa hapa chini) ya Scopus ya huyu ukailinganisha na h ya Google ya yule ni kupima mmoja kwa kilo na mwenzake kwa ratili.

Hiyo h ilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: panga makala kuanzia yenye nukuu nyingi, kisha tafuta namba kubwa kabisa h ambayo makala h zina angalau nukuu h kila moja. Tuseme mtu ana makala 12 zenye nukuu hizi:

214, 97, 61, 40, 33, 18, 11, 9, 8, 6, 2, 0

Ya nane ina 9, imepita. Ya tisa ina 8, haikufika. h yake ni 8. Zenye nukuu 10 na zaidi ni 7. Jumla ni 499, wastani 41.6. Ukichukua ya katikati badala ya wastani unapata 14.5, na tofauti hiyo ya 41.6 na 14.5 inakuambia kwamba makala moja au mbili zimebeba wengine mgongoni.

Sasa tuseme ile ya 214 ni ya jumuiya, naye ni jina la 138. Iondoe. Jumla inaporomoka hadi 285, wastani 25.9, lakini h bado ni 8. Geuza sasa: irudishe, kisha toa alizojinukuu mwenyewe. Ya nukuu 11 imebaki na 7, ya 9 imebaki na 6. Jumla haikutikisika sana, 492, ila h imeshuka kuwa 7. Kila kipimo kina mahali kinapoumia: jumla huumizwa na kigogo mmoja, h huumizwa na zile zilizo mpakani. Ndiyo maana toa vyote viwili, pamoja na ya katikati, na usimsikilize anayetaka namba moja tu.

Tena, h haishuki hata mtu akiacha kufanya kazi. Kulinganisha mwenye miaka 8 tangu shahada na mwenye miaka 35 kwa h ni kulinganisha mche na mbuyu.

Hatua ya 6: Linganisha na wa rika moja

Fungua iCite ya taasisi za afya za Marekani, NIH. Haidai malipo wala akaunti. Bandika namba za PubMed kutoka jedwali lako. Kwa kila makala itakupa uwiano unaoilinganisha na makala za fani jirani za mwaka huohuo: 1.0 maana yake inanukuliwa sawa na makala ya katikati iliyofadhiliwa na NIH. Makala ya 2.5 kuhusu saratani adimu ya watoto inaweza kuwa na nukuu 40 tu, na bado ikawa imeishinda yenye nukuu 120 kuhusu saratani ya matiti. Kwa makala ambazo hazijamaliza miaka miwili, chukua uwiano huo kwa tahadhari. Nukuu chache tu huutupa huku na huko.

Usiweke kipimo cha jarida mahali pa kipimo cha makala. Kipimo cha jarida ni wastani wa nukuu ambazo makala za miaka miwili iliyotangulia zilipata kwa mwaka mmoja, kwa jarida zima, na wastani huo hubebwa na makala chache. Azimio la San Francisco, lililoanzia kwenye mkutano wa Desemba 2012, linataka kisitumike kumpima mtu, na vyuo na wafadhili wengi wamelitia saini, ingawa fomu za baadhi yao bado zina kisanduku chake.

Hatua ya 7: Wasome wanaomnukuu

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapochoka. Chukua makala zake tano bora, zile za K na M. Kwa kila moja fungua kumi kati ya zilizoinukuu, tano za karibuni na tano za kati, utafute sentensi inayomtaja. Iandike moja ya alama tatu: *ametumia* (njia yake, data yake, jeni aliyoibaini), *ametaja tu* (utangulizi, pamoja na wengine sita kwenye mabano yaleyale), *amepinga*. Nukuu 50 zenye 15 za kutumia zina uzito kuliko 200 za kutajwa tu.

Kisha tafuta kama kuna makala iliyobatilishwa. PubMed huweka onyo juu ya ukurasa, na hifadhi ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizobatilishwa, iko wazi kwa wote kupitia Crossref (shirika linalosajili DOI) tangu 2023. Kesi ya kukumbukwa ni ya Chuo Kikuu cha Duke: makala ya Anil Potti na wenzake kwenye *Nature Medicine* mwaka 2006 ilidai kwamba jeni za uvimbe zinaweza kutabiri dawa itakayofanya kazi. Ilisifiwa, ikanukuliwa sana, ikaanzishiwa hata majaribio kwa wagonjwa. Keith Baggerly na Kevin Coombes wa kituo cha saratani cha MD Anderson walipojaribu kurudia hesabu walikuta orodha za jeni zimeteleza mstari mmoja kwenye jedwali, kwa hiyo kila jeni iliyotajwa ilikuwa jirani ya ile iliyokusudiwa, na kwingine lebo za "inasikia dawa" na "sugu" zimebadilishana. Makala ilibatilishwa Januari 2011, na uchunguzi wa serikali ulikuja kuthibitisha udanganyifu. Nukuu zake, zikiwemo za waliokuwa wakiipinga, ziliingia kwenye h kama nyingine zote. Kwa hiyo makala iliyobatilishwa itoe kwenye hesabu, na uandike kwamba umeitoa na kwa sababu gani. Kubatilishwa kwa kosa la bahati mbaya lililoripotiwa na mwandishi mwenyewe si aibu, wala kusiandikwe kama aibu.

Upo na mtego wa kinyume: kazi iliyozama hadi haitajwi tena. Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya wa watoto mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Kampala. Leo kila kitabu cha saratani kina limfoma ya Burkitt, lakini wanaoliandika jina hilo wengi hawaoni haja ya kuirejelea makala ya 1958. Jina limeimeza nukuu. Kwa King ni hivyo pia: anayeandika kuhusu BRCA1 hutaja ile ya 1994 ya kundi la Utah lililoipata jeni yenyewe, na ya 1990 iliyowaonyesha pa kuchimba mara nyingi huachwa.

Hatua ya 8: Yasiyohesabika

iCite huonyesha pia ni makala ngapi za kitabibu zilizoinukuu kila kazi. Safu hiyo ni ya thamani kwa jenetiki ya saratani, kwani inakuonyesha kama jeni imefika kliniki. Tazama miongozo ya matibabu na ya upimaji wa familia, hasa marejeo yake ya mwisho kabisa. Tazama data aliyoweka wazi. Mengine hayatapatikana kwenye kanzidata yoyote: kuanzia 1984 King aliwasaidia mabibi wa Argentina kuwatambua wajukuu zao walioporwa na utawala wa kijeshi, kwa kulinganisha vinasaba vya bibi na mtoto. Hilo huwezi kulipigia h. Liandike kwa sentensi.

Hatua ya 9: Andika ripoti

Ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza iwe ya aina hii: "Kufikia tarehe fulani, Scopus inaonyesha makala 12 zilizothibitishwa kuwa zake, 5 ni mwandishi wa kwanza au wa mwisho, 1 ni ya jumuiya, 2 ni mapitio. Nukuu 499, au 285 bila ya jumuiya. h ni 8, na 7 bila alizojinukuu." Zifuate makala tatu kwa majina, kila moja na sentensi mbili: iligundua nini, nani aliitumia. Kisha yale ya hatua ya 8. Mwisho, namna za jina ulizotafuta na makala ulizozitoa.

Mpelekee mtafiti mwenyewe orodha ya makala kabla hujaipeleka popote, umpe wiki moja. Atakurudishia mbili ulizozikosa na moja isiyo yake. Jedwali lihifadhi na tarehe kwenye jina la faili, ili mtu akiuliza ile 285 imetoka wapi umfungulie mstari.